Mzee Chenge na Fyuzi Mbili Ndani ya Bahasha

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Bwana Jonathan Chenge, fundi redio wa kampuni yetu ya kununua na kusafirisha pamba, anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Siku hiyo ni Jumanne. Amekwisha kututaarifu kwamba atatoka saa kumi na nusu kama kawaida, si kabla.

Aliajiriwa mwaka 1971, wakati karakana yetu ya Nyamagana ilikuwa na magari matatu na redio ya upepo moja ya kuitana na ofisi, ambayo ilisikika vizuri gari likiwa limezimwa. Mzee Chenge aligundua kwamba aliyemtangulia aliiunga kwenye tundu la kuwashia sigara. Aliing'oa siku hiyohiyo. Tangu hapo sheria zake hazijabadilika: waya mbili nene, chanya na hasi, zitoke moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikae shibiri moja kutoka kwenye betri, si chini ya kiti, na pale waya unapopenya bati la injini, tundu livalishwe mpira. Madereva wapya walifundishwa haya kabla ya kuonyeshwa choo.

Alikuwa pia na leseni ya redio ya ridhaa, ya kuongea na watu wa mbali kwa kujifurahisha. Jumapili baada ya misa aliegesha Datsun yake mlimani Usagara, akaongea na watu wa Finland kuhusu hali ya hewa. Mkewe, Mama Paskazia, anasema mzee anazijua mvua za Finland kuliko za Buzuruga, wanakoishi.

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kila mnunuzi, tukaanza kukimbizana na wanunuzi wengine vijijini, na mwenye redio ndiye aliyewahi. Mwaka 1995 Mzee Chenge alifunga redio kumi na tisa kwa msimu mmoja. Hakuna hata moja iliyowaka moto, isipokuwa moja.

Agosti ya mwaka huo, dereva mmoja mwenye miezi miwili kazini alitaka kusikiliza muziki safarini. Aliung'oa ule mpira ili apate pa kupitishia waya wa kaseti. Waya wa redio ukasuguana na bati, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Alipoishiwa, aliizungushia fyuzi karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili umeme upite, akaendelea na safari kwa moyo mweupe. Redio ilisikika vizuri mno kwa kilomita kumi na moja. Kisha dashibodi ikawaka. Karani wa mizani, Bibi Sabina, aliyekuwa naye garini, aliruka na mizani yake, na Landrova ikaungua yote isipokuwa chini ya boneti.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku tatu, ikaamua kwamba ufungaji ulikuwa mbovu. Mzee Chenge alipewa barua ya onyo, na ukuu wa karakana aliokuwa ameahidiwa ukaenda kwa mwingine. Yeye ndiye aliyelikagua gari kabla ya kamati. Aliikuta ile karatasi kwenye fyuzi, akaitia mfukoni. Dereva angefukuzwa palepale, na mkewe alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mapacha. Mzee aliipokea barua ya onyo, akarudi kazini. Ila tangu hapo, kila dereva yule alipopangiwa safari, alikuta juu ya usukani bahasha yenye fyuzi mbili.

Ijumaa iliyopita bahasha ilikuja na fyuzi mbili na kipande cha karatasi ya sigara, kimeungua pembeni.

Dereva huyo ni mimi, Kashindye, ambaye leo ni msimamizi wa usafirishaji. Nimeona aibu kwa miaka mitatu, na aibu haina fyuzi. Namwomba Mkurugenzi wetu, Bwana Pradip, aitoe barua ile kwenye jalada la Mzee Chenge na kuiweka kwenye langu. Karatasi nimeibana kwa pini kwenye nakala yake ya wasifu huu, asije akadhani natania.

Mzee Chenge, ahsante. Sote hapa karakana tunakuombea afya, betri iliyojaa na mawimbi mazuri hadi Finland. Na ukikutana tena na dereva wa namna yangu, safari hii mtaje jina.