Barua ya Mzee Lengai

Kwenye Koasta ya kutoka Handeni, mzee Lengai alimkuta Raheli, anayesimamia kundi la barua pepe la wafugaji pale Korogwe na kuchuja barua kabla hazijawafikia wengine. Aliitikia shikamoo yake kwa hasira.

“Niliandika ng’ombe wetu wanaugua, watu wasilete mifugo. Shemeji yangu hakupata barua. Kaleta wake, wamekufa.”

“Pole, mzee wangu. Kila siku zinamiminika barua za bahati nasibu na dawa za nguvu za kiume. Yako uliiita ‘Haraka Sana’, kama za matapeli. Nikaifuta nazo.”

“Ningeiitaje? ‘Polepole’?”

Sisi abiria wengine tulicheka. Mzee hakucheka.

“Basi usifute kitu!”

“Nisipofuta, yako nani ataiona katikati ya hizo zote?”

Gari likasimama Segera. Mzee akashuka, akazunguka hadi dirishani kumjibu, lakini wauza machungwa walishamtangulia, wote wakipaza sauti.