Mzee Ezron Nzowa na Tanuru la Mwambani

Mzee Ezron Yesaya Nzowa alizaliwa hapa Itaka tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Yesaya na Mama Nesta. Babu yake alikuwa mhunzi wa majembe. Pengine ndiyo sababu Ezron hakuwahi kuogopa moto.

Alisoma shule ya msingi Itaka, akamaliza mwaka 1976, kisha akajifunza ufundi wa vyuma Mbeya.

Mwaka 1983 alikwenda pwani, akaajiriwa katika kiwanda cha chuma cha Mwambani, Tanga. Alianza kwa kusukuma toroli la makaa ya mawe, akapanda hadi kuwa msimamizi wa tanuru. Mafundi waliliita tanuru hilo Bibi.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Gwantwa Kibona wa Ileje. Kila alipokohoa na bado akawahi zamu, mkewe alimwambia, akimsema Bibi, "Huyo mke mwenzangu atakuua."

"Mwenzio hanuni, mama Osea."

"Atanuna vipi, na kifua chako anakila?"

Mwaka 2018 kiwanda kiliamua kuacha makaa na kujenga tanuru la umeme la kuyeyusha vyuma chakavu, na paa likafunikwa paneli za sola. Daktari alikwisha kumwonya marehemu kuhusu vumbi la makaa. Hata hivyo, kumzima Bibi aliona ni usaliti, na mafundi wake waliapa kutogusa tanuru jipya mpaka yeye atangulie. Huenda alichelewa, familia imejiuliza hilo mara nyingi.

Siku ya kuzima, mafundi waliketi chini wakimtazama marehemu. Mama Gwantwa akaingia, kitenge kiunoni, kilemba kichwani, akakaa nao. Meneja akadhani kuna msiba, akaagiza chai ya waombolezaji, akauliza kwa upole nani amefiwa.

"Mimi, baba. Nimefiwa na mke mwenzangu. Amenilishia watoto huyu. Asizikwe kama hana ndugu."

Mafundi walicheka. Marehemu alivua kofia ya kazi, akafunga mlango wa makaa kwa mkono wake.

"Pole, mzee," alisema fundi Rabson. "Msiba ni wetu sote."

Juma lililofuata marehemu alikuwa wa kwanza kujifunza tanuru la umeme kwa Mhandisi Jenista, mwenye umri wa binti yake, ambaye marehemu alimwita "mwalimu wangu" hadi alipostaafu mwaka 2021. Alirudi huku kwetu, akakaa Tunduma, akawa anakusanya mabaki ya malori yaliyoharibika na kuyapeleka Mwambani yakayeyushwe upya.

Mapafu yaliyokwisha kuumia hayakupona. Madaktari walisema kuacha moshi wa makaa kulimwongezea muda. Katika muda huo alimsindikiza bintiye Angel hadi madhabahuni bila kusimama kuvuta pumzi. Julai mwaka huu hali ilibadilika. Alifariki dunia tarehe 6 Septemba 2025, hospitalini Vwawa, mkewe akiwa amemwinua mgongo apate hewa.

Ameacha mjane, Mama Gwantwa, watoto Osea, Tabita na Angel, wajukuu wanne, na dada yake, Fausta.

Bwana ampe pumziko, na kifua chake kitulie.