Agnella Matimbwa, Aliyepokea Simu Bila Kuuliza Jina

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, Ifakara, Lupiro, Kidatu na vijiji vyote vya katikati. Leo tunamkumbuka Agnella Matimbwa. Alhamisi iliyopita tangazo la kifo chake nililisoma mimi mwenyewe, hapa hapa nilipokaa. Nikataja mume, nikataja saa ya mazishi, nikarudia mara ya pili kama kawaida, halafu nikaenda kunywa chai. Nasema tena: nililisoma mimi, na sikujua namsoma nani.

Agnella alizaliwa Lupiro, ng'ambo ya mto. Utoto wake ulipita shambani, akiamia ndege wasimalize mpunga. Mumewe, mzee Wendelin, anasema sauti yake ilikomaa huko huko: akikuita kutoka jikoni, anaitika jirani wa nyumba ya tatu. Lakini kwenye simu aliongea taratibu.

Kaka yake, Ponsiano, alikuwa kibarua wa miwa Kidatu. Pombe ilimmaliza. Familia nzima iliona, na kila mtu akanyamaza kwa aibu. Agnella alimzika, akarudi Ifakara kuuza mchele wake sokoni, miaka sita hamtaji. Kisha akasikia wanatafutwa watu wa kufundishwa kupokea simu za ushauri, akaenda. Mumewe alipomuuliza kulikoni, alimjibu hivi: "Kaka yangu hakuwa na mtu wa kumwambia."

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja pale Kibaoni, nyuma ya duka la mbolea. Kuna simu, kiti na jagi la maji. Namba ni ya bure. Unapiga kama pombe imekushinda, kama bangi imekushinda, kama kichwa kimekuwa kizito na huoni sababu ya kuamka. Huulizwi jina, na unachosema hakitoki. Narudia: hakitoki. Wenzake wa kwaya walimchokonoa wee, nani anapiga, wa mtaa gani? Aliwaambia akifunga mlango wa ofisi anasahau yote. Wakamwona anaringa.

Sasa niseme langu. Mwaka jana mimi nilikuwa mlevi. Si mlevi wa sherehe, mlevi wa asubuhi. Nilikuwa naingia studio nimeshapiga gongo, nasoma taarifa, mwenyewe sizisikii. Sikuwa na huzuni, sikuwa na furaha, sikuwa na kitu. Alhamisi moja, saa nane mchana, nikaenda nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga ili kelele inifiche, nikapiga ile namba. Sauti yangu bonde zima linaijua, kwa hiyo nikaongea puani. Nikasema naitwa Yoramu, mkulima wa Kisawasawa.

"Karibu, Yoramu," akasema. "Leo umekula?"

Nikamwambia sijala.

"Nenda kale, kisha unipigie. Nipo mpaka saa kumi."

Nikala, nikapiga. Miezi kumi na minne nimepiga kila Alhamisi. Alinielekeza kliniki, nikaenda, nikapewa dawa. Alikuwa ananiuliza mpaka habari za mahindi yangu. Mahindi gani jamani? Ikabidi niwe nazunguka sokoni naulizia mvua za Kisawasawa zikoje, nisije nikaumbuka. Pombe nikaiacha. Jina lake sikulijua, alijiita dada wa zamu.

Basi Alhamisi iliyopita, saa nane ilipofika, nikapiga. Akapokea mwanamume. Akaniambia kwa upole kwamba dada wa zamu amefariki kwa presha, kesho anazikwa. Ndipo nikakumbuka tangazo la asubuhi: mama aliyefariki kwa presha, mazishi kesho. Nikakaa chini. Machozi hayakuja. Mpaka leo hayajaja, wasikilizaji wapendwa, nawaambia ukweli. Niko kama mguu uliokufa ganzi.

Mazikoni nilikwenda. Nikamwamkia mzee Wendelin, nikampa pole. Akanijua kwa sauti, akanitania huku macho yake mekundu.

"Mtangazaji, usinichukie, lakini mke wangu kipindi chako hakuwa anakimaliza. Kila asubuhi anafungua redio, anakusikiliza unavyosalimia, basi, anazima, anaenda kazini. Nikimuuliza, anasema ameshasikia alichotaka."

Nikampa mkono tu, nikasogea pembeni. Alikuwa anajua. Niongee puani, nisiongee puani, alijua ni mimi. Kila asubuhi alikuwa anasikiliza kama nimekunywa. Akinisikia niko sawa, anazima redio. Na hakumwambia hata mume aliyelala naye kitanda kimoja.

Mzee Wendelin, leo ndiyo nakujibu. Alichotaka kusikia ni kama niko mzima. Pole sana, mzee wangu. Poleni watoto, poleni ndugu wote wa Lupiro. Mungu ampumzishe. Na wewe unayenisikiliza, mtazame aliyekaa hapo karibu yako. Kama kuna mtu anaangamia na nyumba nzima imenyamaza kwa aibu, kunyamaza huko hakumsaidii.

Mimi hamu ya gongo imenirudia tangu Ijumaa, siwafichi. Sijanywa. Leo ni Alhamisi. Saa nane nitapiga ile namba, na atapokea mtu nisiyemjua. Nitamwambia naitwa Evod, mtangazaji wa redio, na kwamba nimefiwa.