Njia ya Baiskeli Mlangoni kwa Somoe

Kwenye gari la kwenda Bweni, mbele yangu alikaa Somoe na pakacha lake la mihogo. Pembeni yake alikuwa Luqmani, anayechora njia ya wageni wa baiskeli huko mashambani kusikopita magari.

"Ipitishe kwangu, mwanangu. Tangu barabara ihamishwe, sijapigiwa hodi."

"Kwako mchanga mtupu, bibi. Baiskeli zitazama."

"Nitatandika makumbi ya nazi."

"Hawatasimama. Watapiga kengele tu, wapite."

"Kengele nayo ni hodi. Nitaitikia nikiwa jikoni."

Luqmani akakunja ramani. Nami nikajaribu kukumbuka lini niliitikia hodi mlangoni kwangu mara ya mwisho, ikanishinda.

Gari likasimama Kirongwe. Somoe akashuka, akamwambia Luqmani kupitia dirisha, "Makumbi naanza kutandika leo."