Moraa Hakuwa na Pepo

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mimi ni Yunuke, mkulima wa chai hapa Marani. Nimeomba nafasi hii nikiwa na shukrani kubwa, na hasira pia. Sitaficha hata moja.

Dada yangu mdogo alifariki akaacha binti, Moraa, ambaye hakuwa ameanza hata kutembea. Nyanya yake akamchukua, kisha nyanya akaugua. Akapelekwa kwa shangazi Keroka, naye shangazi akaolewa kwingine. Akahamishiwa kwa jamaa mwingine, jamaa huyo akamchoka. Kila mara mtoto aliamkia nyumba mpya bila kuambiwa neno. Alipoletwa kwangu alikuwa na miaka sita.

Ndugu zangu, mtoto huyo hakujua kulia. Siku moja alimwagikiwa na uji moto mguuni. Nilimkuta nyuma ya migomba, ameuma midomo, kimya. Nilipotaka kumshika alinipiga teke. Mimi aliniita "wewe" tu. Ndizi alizificha chini ya godoro mpaka zikaoza. Lakini muuza vyombo akipita njiani, mtu asiyemjua kabisa, Moraa alimshika mkono aende naye. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Watu wakaanza kusema. Mama mkwe wangu alisema mbele ya mtoto mwenyewe, "Huyu ana jambo. Mrudishe kwa watu wa babake kabla hajatuletea maafa." Na hapa kanisani, nasema nikiwatazama, wengine walitaka afungishwe kula ili pepo atoke. Mtoto anayeficha ndizi kwa kuogopa njaa, mnataka afunge? Nilikataa. Mume wangu, Ondieki, si mtu wa maneno mengi, lakini alikataa pamoja nami.

Shemeji akatuelekeza kwa mshauri mmoja Kisii mjini. Ofisi nzuri, vyeti ukutani. Alitusikiliza kidogo tu, akasema tatizo ni kiburi.

"Hajashikamana nawe kwa sababu hujamvunja," aliniambia. "Tutamfunga kwa blanketi, umlalie mpaka achoke kupigana, akuite mama. Hiyo ndiyo tiba ya kushikamanisha mtoto na mzazi."

Akafungua kabati, akatoa blanketi.

"Rudisha hiyo blanketi," nikasema.

"Mama, mimi nimesomea haya."

"Ulisomea kuua? Mtoto akilaliwa kifuani atapumua na nini?"

Moraa alikuwa ameshaingia chini ya meza. Niliinama nikamwambia, "Twende nyumbani. Hakuna atakayekugusa." Alitoka mwenyewe. Hakunipa mkono, lakini alinifuata. Mpaka leo nikikumbuka blanketi ile, hasira inanirudia. Ni watoto wangapi walilaliwa pale, na wazazi wao wakitoa shukrani?

Baada ya hapo ukoo ukakaa, ukaamua kwamba shule zikifungwa Moraa apelekwe makao ya watoto. Ingekuwa nyumba ya tano, kwa mtoto wa miaka sita!

Ni mwalimu wake wa darasa aliyenieleza kuhusu mwanasaikolojia wa watoto aliyeko Nyamira. Safari hii sikumpeleka mtoto kwanza. Nilienda peke yangu, nikamhoji yule mama kama ninavyomhoji anayeniuzia ng'ombe. Umesomea wapi? Umesajiliwa? Umewahi kusaidia watoto waliofiwa? Mimi nitakuwa ndani ya chumba? Utamshika kwa nguvu?

Hakukasirika. Alinionyesha kibali chake cha kazi, akasema, "Uliza yote. Simshiki mtoto kwa nguvu, na wewe utakuwa ndani. Mkiona siwafai, nitawaelekeza kwa mwingine."

Kisha akanieleza. Mtoto mchanga akilia, akaja mtu yule yule kila mara, hujua kwamba dunia ni mahali pa kukaa. Waliokuja kwa Moraa waliondoka, mmoja baada ya mwingine, basi akajifunza kutomhitaji yeyote. "Sitamtibu yeye peke yake," alisema. "Tutatibu kile kilichoko kati yenu." Akaniuliza kuhusu dada yangu. Ndugu zangu, nililia pale. Tangu mazishi nilikuwa mtu wa kupika na kupanga tu; sikuwa nimemlilia dada yangu.

Tukaanza. Tuliketi sakafuni sote watatu na wanasesere. Nyumbani Moraa alipata kikapu chake cha ndizi ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kabla sijatoka nilimwambia ninakoenda na nitarudi lini, na nilirudi nilivyosema. Akikimbia sikumfuata mbio, niliketi mahali anaponiona. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kuna wiki mambo yaliharibika upya, nikamnung'unikia Mungu.

Halafu asubuhi moja nilikuwa naenda soko la Mosocho. Moraa alinishika leso, akapiga mayowe mpaka majirani wakatoka. "Mama, usiende! Mama!"

Mama mkwe akasema, "Mnaona? Jambo lake limezidi."

Mimi nilikaa chini kwenye tope na nguo zangu za soko, nikamkumbatia, nikacheka huku nikilia. Mtoto aliyemfuata kila mpita njia sasa analia kwa sababu mimi ninaondoka! Nilimwambia, "Naenda, na jua likiwa juu nitakuwa hapa." Nikaenda, nikarudi.

Wazee wa ukoo walipofika kumchukua, Ondieki aliwapa viti na chai, akasema, "Huyu ni binti yetu. Haendi popote." Wakanywa chai, wakaondoka.

Namshukuru Mungu aliyeniponyea mtoto kupitia mtu anayeijua kazi yake. Wewe uliye na mtoto kama huyu, mtumaini Bwana, tafuta msaada, na usione haya kuuliza maswali. Mshauri akichukia kuulizwa, ondoka. Akitaka kumbana mtoto, ondoka upesi, ukaripoti. Nanyi mlioita hofu pepo, tubuni. Mimi bado naomba neema ya kuwasamehe.

Moraa ameketi benchi la tatu na baba yake, Ondieki. Najua mnataka aitwe hapa mbele awekewe mikono. Msimwite. Atakuja mwenyewe akitaka.