Shangazi Pindo: Miaka Thelathini na Moja Ndani ya Magari ya Watu

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, fundi mkuu wa ushonaji wa karakana yetu, ambaye sote tunamwita Shangazi Pindo, atastaafu rasmi baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minne. Uongozi umemwomba mkuu wa chumba cha mbao aandike wasifu wake, kwa kuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, wakitenganishwa na ukuta mmoja tu. Mkuu huyo ni mimi. Nitajitahidi kuandika inavyotakiwa, lakini niseme mapema kwamba mama huyu nimemwonea wivu tangu wiki yangu ya kwanza hapa, na uongozi ulipaswa kuniuliza kwanza.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili siku ya sherehe, kazi yetu ni kupendezesha ndani ya magari. Gari linaingia getini likiwa na siti zilizochanika na dashibodi iliyopauka, linatoka likiwa jipya. Upande wa kulia wa karakana ni chumba cha ushonaji, alikotawala Shangazi: siti, vifuniko vya usukani, ngozi za milangoni, kitambaa cha dari. Upande wa kushoto ni kwangu. Sisi hutengeneza vipande vya urembo vya mbao vinavyokaa kwenye dashibodi, kuzunguka gia na kwenye milango, kila kipande kikikatwa kwa kipimo cha gari husika, kikapigwa msasa na vanishi mpaka mtu aone uso wake.

Shangazi hakuja hapa kutafuta kazi. Alikuja kuleta mapazia ya ofisi. Akiwa anasubiri kupokelewa, aliona siti ya dereva iliyokuwa imeshonwa asubuhi ile, akaisogelea, akainama, akauliza nani aliyefanya ukatili ule. Aliyefanya alikuwa amesimama nyuma yake. Mapazia yaliwekwa chini, siti ikafumuliwa, na kufikia jioni alikuwa ameishona upya kwa upindo maradufu ambao hadi leo hakuna hata mmoja uliofumuka. Jina la Pindo alilipata siku hiyohiyo, na kiti cha mbele ya cherehani kubwa akakipata kesho yake.

Tangu hapo amefundisha mafundi kumi na mmoja, wanne kati yao wana karakana zao. Amepanda kutoka mshonaji wa kawaida hadi fundi mkuu, kisha mkaguzi wa mwisho, yule ambaye gari haliondoki kabla hajalipitisha. Ukaguzi wake tunaujua. Hukaa kwenye kila siti ya gari kwa zamu, na siti anayokaa muda mrefu kuliko zote ni ile ya nyuma katikati. Husema abiria wa katikati ndiye anayeonewa siku zote, kwa hiyo mtu wa kumtetea lazima awepo.

Wateja nao anawaweza. Daktari mmoja wa meno alitaka ndani ya gari lake kuwe kweupe kote, siti, milango, mpaka zulia. Sisi wengine tulishaanza kuitikia.

“Una watoto wangapi?” Shangazi akamuuliza.

“Watatu.”

“Basi ni kahawia.”

Daktari akacheka, akakubali kahawia, na tangu siku hiyo ametuletea magari manne. Hapo ndipo roho yangu inapoanza kuuma, kwa sababu gari hilo la kahawia mbao zake nilitengeneza mimi. Nilitumia wiki tatu kupanga mistari ya mti ianzie mlango wa kushoto, ipite dashibodi yote, iishie mlango wa kulia bila kukatika. Daktari alipokuja kulichukua alifungua mlango, akakaa, akafumba macho na kusema “aaah”. Aliyefumba macho anaona mbao gani?

Hiyo “aaah” nimeisikia kwa miaka kumi na tisa. Kila mteja lazima aitoe, na kila inapotoka Shangazi huinamisha kichwa kidogo na kujifanya anatafuta sindano. Kwenye kalenda ya karakana ya mwaka juzi, siti zake zilichukua miezi tisa. Mimi nilipewa mwezi wa tatu, na mpiga picha aliuweka usukani katikati, kikaonekana kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja. Hata nyumbani sikupona. Nilipotengeneza gari letu la familia kwa mikono yangu, dashibodi nzima, mke wangu aliingia, akaegemea, akauliza kama siti zimeshonwa na Shangazi. Nilimjibu ndiyo, na sikuongea naye mpaka tulipofika kwa mama mkwe.

Nilichokuwa nacho mimi kilikuwa kimoja tu. Wote wanaofanya kazi hii wanajua kwamba ugonjwa wa vipande vya kubandika ni kulia. Gari likipita kwenye mashimo, mbao inasuguana na plastiki iliyo nyuma yake na kuanza kupiga kelele, kwi kwi kwi, mpaka mwenye gari atamani kuing'oa kwa meno. Mbao zangu hazikulia. Sifa hiyo ilinitangulia kila nilikokwenda. Karakana jirani zilituma watu kuniuliza siri ya gundi yangu, nami nikawaambia siri si gundi, siri ni kuikausha mbao siku kumi na moja, si kumi wala kumi na mbili. Nilialikwa kwenye semina, nikasimama mbele ya mafundi arobaini, nikafundisha siku kumi na moja. Waliandika.

Kwa sifa hiyohiyo Bosi amenipendekeza nirithi nafasi ya Shangazi ya mkaguzi wa mwisho. Barua imechapwa, inasubiri sahihi. Sababu iliyotajwa nimeisoma mwenyewe: kazi zake hutoka zikiwa kimya.

Wiki mbili zilizopita lile gari la kahawia lilirudi. Daktari ameliuza, na mwenye gari mpya anataka mbao nyeusi. Niliingia kuzibandua mwenyewe, kwa heshima, maana zilikuwa zimetimiza miaka kumi na moja. Klipu ziliachia, kipande cha kwanza kikatoka, nikakigeuza. Nyuma yake, kuzunguka ukingo wote, palikuwa na utepe mwembamba wa bitana ya kijivu uliobandikwa kwa usafi mkubwa. Mimi sikuwahi kubandika bitana kwenye mbao maishani mwangu. Kingo za utepe huo zilikuwa na meno madogomadogo, na mkasi wa kukata meno hapa karakana uko mmoja, na mwenyewe hamwazimi mtu.

Nilibandua kipande cha pili, cha tatu, vyote kumi na vinne. Vyote vilikuwa na bitana. Nikatoka uani, kulikuwa na magari matatu niliyoyamaliza miezi tofauti, yakisubiri wenyewe. Nikayafungua kipande kimojakimoja. Bitana. Nikakaa kwenye siti ya nyuma katikati na kufunga mlango, kwa sababu sikutaka mtu anione uso.

Hesabu niliifanya nikiwa mle ndani. Yeye ndiye aliyebaki na funguo kwa ukaguzi wa mwisho. Saa saba mchana sote tunakwenda kula, na mimi chakula changu cha mchana sikifupishi kwa ajili ya mtu. Yeye alikuwa akila saa tisa, chakula kimeshapoa, peke yake. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema kwa wenzangu kwamba anajionyesha, anataka Bosi amwone mchapakazi. Kumbe alikuwa amepiga magoti ndani ya magari, anazibandua mbao zangu, anaziwekea bitana na kuzirudisha, gari baada ya gari.

Nilikwenda chumbani kwake na kipande mkononi. Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilihisi nimeibiwa kitu pekee nilichokuwa nacho, tena na mtu yuleyule aliyekuwa na kila kitu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

“Wiki yako ya kwanza nilikwambia shati lako limefumuka begani,” akasema bila kusimamisha cherehani. “Ukaninunia siku nne. Ningekwambia mbao zako zinalia, si ungehama karakana?”

Nikasema labda ningehama.

“Ndiyo hivyo. Na mimi mbao zako nilikuwa nazitaka hapa.” Ndipo akasimamisha cherehani na kunitazama juu ya miwani. “Mdogo wangu, hujui nilivyokuwa nakuonea wivu? Siti mtu anaikalia, anaipa mgongo, basi. Kazi yako anaitazama safari nzima.”

Nimekaa na maneno hayo siku kumi na mbili nikiandika wasifu huu na kuuchana. Toleo la kwanza halikuwa na bitana hata kidogo. Lilikuwa na mapazia, daktari na upindo maradufu, lilisomeka vizuri na lingemfurahisha kila mtu. Yeye mwenyewe asingesema lolote, hilo nina hakika nalo, kwani amenyamaza miaka kumi na tisa na zimebaki siku chache tu.

Lakini lile toleo lilikuwa linamuaga nusu mtu. Kwa hiyo mafundi arobaini wa semina mnisamehe, zikausheni mbao siku mnazotaka. Bosi, barua ile bado iko mezani kwako, na sababu iliyoandikwa humo si ya kweli. Ukiamua kuichana nitaelewa, ingawa sitaifurahia. Ukiamua kuisaini, ujue kwamba nimekwishaanza kubandika bitana mwenyewe, na vipande viwili kati ya vitano bado vinalia.

Simvishi kilemba cha ukoka nikisema hatutapata mwingine kama Shangazi Pindo. Anakwenda kupumzika na mumewe, dereva mstaafu ambaye kwa maelezo ya mkewe anaendesha taratibu kuliko anavyotembea, karibu na binti yao na wajukuu wawili. Tunamshukuru kwa mikono yake, kwa jicho lake na kwa abiria wote wa katikati ambao hawatajua walitetewa na nani.

Shangazi, sikufichi kitu, hata sasa wivu haujaisha. Umezidi. Nilidhani walau katika wivu ningekuwa wa kwanza hapa karakana, kwa jinsi nilivyojituma. Sote wawili tulikuwa nao, miaka ileile, ukuta uleule katikati. Wangu ulinipeleka kwenye meza ya chakula kukusema. Wako ulikupeleka kwa magoti kwenye kazi yangu, ukaitengeneza.

Karakana nzima inakutakia afya, usingizi mrefu wa asubuhi na miaka mingi ya raha. Ijumaa watu watapanga foleni kukushika mkono. Wa kwanza nitakuwa mimi, na atakayejaribu kunitangulia tutakosana.