Jairus Wanyonyi na Geji Aliyoiomba

Bungoma, 30 Juni 2025. Mimi nina miaka kumi na saba tangu nifukuzwe shambani kwetu Kachibora katika ghasia za uchaguzi. Jairus Wanyonyi ana ishirini na tisa tangu aajiriwe na zahanati yetu, na leo anastaafu.

Kazi yake ilikuwa kuchukua damu ya kuongezea wagonjwa Kitale na kuileta Bungoma kwa pikipiki. Pikipiki zetu hazikuwa na geji ya kuonyesha mafuta yaliyobaki, ila swichi ndogo chini ya tangi: mafuta yakikatika unaigeuza, unapata akiba ya kukufikisha petroli stesheni, na ukishajaza unairudisha. Jairus hakuiamini sana. Alitumbukiza bua jembamba tangini, akalitazama, akatangaza atafika wapi. Mara moja bua lilimponyoka, tukashinda tukilivua kwa waya.

Mwaka 2011 niliazima pikipiki yake, nikaenda Kachibora kuliona shamba lililokuwa letu. Nililitazama kutoka barabarani. Mahindi ya mtu mwingine yalikuwa yametoa mbelewele. Nikirudi, mafuta yalikatika. Niligeuza swichi, nikajaza kidogo Webuye, nikasahau kuirudisha.

Kesho yake Jairus aliitwa kwa haraka, hakupima kwa bua. Akitoka Kitale na damu, pikipiki ilizima karibu na Kamukuywa, na akiba ilikuwa imeshatumika, kwani swichi ilikuwa bado imegeuzwa. Aliisukuma mpaka petroli stesheni. Phelista, aliyekuwa akitokwa damu zahanatini tangu ajifungue asubuhi hiyo, hakuingoja; alifariki kabla haijafika.

Kamati ya zahanati ilipokaa, mwenyekiti wetu Edinah aliuliza ni nani aliyeiacha swichi hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu. Jairus alinitazama, kisha akamwambia, "Mama, mtu husahau. Nunueni pikipiki zenye geji."

Niliyaandika maneno hayo. Yeye akapewa barua ya onyo, na cheo cha msimamizi wa usafiri kikampita.

Kila mwaka tangu hapo aliiandikia kamati kuomba geji. Ikamjibu kwamba zinaongeza bei, na barabara ya vumbi huziua. Vijana wa bodaboda walimcheka: "Si utingishe tu tangi, mzee? Ati geji, kwani unaendesha ndege?"

Pikipiki ya kwanza yenye geji ililetwa Machi mwaka huu. Aliiendesha miezi mitatu, na bado alitumbukiza bua.

Barua ile ya onyo ilinistahili mimi. Nimeiomba kamati iitoe kwenye faili lake, iweke jina langu mahali pa lake.

Asante, Jairus, kwa kazi na kwa kunyamaza. Nenda Kibabii kwa mkeo Sellah na ng'ombe wako. Afya isikukatikie njiani.

Mimi Kachibora sikwenda tena baada ya safari ile ya 2011, na sitarudi.